Galantamini, huperzini A, ginkgo, manjano au zafarani: ulinganisho wa dawa za mimea kwa mgonjwa wa Alzheimer

Familia inayomuuguza mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi hujiona imesimama kwenye njia panda, vidonge vya hospitali upande mmoja na dawa za mimea upande wa pili. Mgawanyo huo haupo jinsi unavyodhaniwa. Galantamini, mojawapo ya dawa ambazo madaktari huziandika kwa ugonjwa huu, ilitolewa kwanza kwenye mmea wa maua, na rivastigmini, ambayo nayo huandikwa hospitalini, ilibuniwa kwa kufuata umbo la sumu ya haragwe la Afrika Magharibi. Kinachozitenganisha dawa za mimea ni mambo matatu: kama kipimo chake kinajulikana, kama imejaribiwa kwa wagonjwa wa kutosha, na kama tunajua itamdhuru nani. Ulinganisho huu unafuata vigezo hivyo, na bei pamoja na upatikanaji vitatajwa pale tu vinapobadilisha uamuzi.

Ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer huwa na mabonge ya protini ya amiloidi nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana za protini ya tau ndani yake. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyaona mabadiliko hayo kwa darubini na kuyaeleza mwaka 1906, miongo mingi kabla ya protini hizo kutambuliwa. Kadiri seli zinavyokufa, ndivyo inavyopungua asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupashana ujumbe unaohusu kumbukumbu na umakini. Kuna mimea ambayo kemikali zake huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili kiasi kidogo kilichobaki kidumu zaidi. Na kuna mimea inayosemekana kupunguza amiloidi au kutuliza uvimbe ndani ya ubongo. Kundi la kwanza lina ushahidi wa kupimika kwa wagonjwa, ilhali la pili limejengwa zaidi juu ya matokeo ya maabara na ya panya. Katika makundi yote mawili hakuna hata dawa moja iliyothibitishwa kusimamisha ugonjwa wenyewe.

Galantamini na huperzini A

Hizi mbili ndizo zinazostahili kuwekwa ubavu kwa ubavu kwa undani, kwa sababu zote mbili huzuia kimeng'enya kile kile, zote mbili zimetoka moja kwa moja kwenye mmea, na bado moja imekuwa dawa rasmi katika nchi nyingi huku nyingine ikiishia kuuzwa, nje ya China, kwenye chupa za virutubisho.

Galantamini ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na wanasayansi wa Muungano wa Kisovieti kwenye Galanthus woronowii, mmea mdogo wa milima ya Caucasus ambao ua lake jeupe huchomoza theluji inapoanza kuyeyuka. Nchini Bulgaria, mtaalamu wa dawa Dimitar Paskov na wenzake waliigeuza kuwa dawa iliyouzwa kwa jina la Nivalin, ikatumika kwa watoto waliopoozeshwa na polio na kwa kuondoa athari za dawa za kulegeza misuli baada ya upasuaji. Galanthus ilikuwa haipatikani kwa wingi, kwa hiyo Wabulgaria wakahamia kwenye mmea wa jamii hiyo hiyo, Leucojum aestivum. Leo kemikali hii hutengenezwa pia maabara bila mmea wowote, ingawa huko Wales wako wakulima wanaopanda maua ya Narcissus milimani kwa ajili yake. Marekani iliidhinisha galantamini kwa ugonjwa wa Alzheimer mwaka 2001, karibu nusu karne baada ya kutambuliwa, na muda huo mrefu ndio uliowapa madaktari nafasi ya kujua tabia zake kabla haijafika kwa wazee.

Katika majaribio ya miezi 6, wagonjwa wenye Alzheimer ya kiwango cha chini hadi cha kati waliopewa miligramu 16 hadi 24 kwa siku waliwazidi waliopewa dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia tu) kwa takriban pointi 3, katika kipimo cha uwezo wa akili chenye pointi 70. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo, na familia inapaswa kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nyumbani inaweza kuonekana kama mzee aliyeanza tena kufuata mazungumzo, au aliyebaki katika hali ile ile kwa miezi kadhaa ambayo angetarajiwa kushuka. Wengine haiwasaidii kabisa, na haiwezekani kumtambua mapema atakayesaidika.

Kipimo chake kinajulikana vizuri. Mgonjwa huanza na miligramu 8 kwa siku pamoja na chakula, hukaa hapo kwa wiki 4, kisha daktari humpandisha hadi 16, na ikibidi hadi 24. Akikatisha dawa kwa zaidi ya siku 3, harudi kwenye kipimo alichokiacha, bali huanza upya na kile cha chini, jambo ambalo husahaulika sana pale dawa zinapoisha kabla ya mwisho wa mwezi. Madhara yake yameandikwa kwenye karatasi inayokuja na dawa: kichefuchefu, kutapika, kuhara, kupungua uzito, mapigo ya moyo kwenda polepole mno, na kuzimia. Mwenye ugonjwa mkali wa figo au ini hapaswi kuitumia.

Lipo pia onyo ambalo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko yote. Katika majaribio mawili ya miaka 2 kwa watu wenye upungufu mdogo tu wa kumbukumbu, ambao walikuwa hawajafikia Alzheimer, walikufa 13 kati ya 1,026 waliopewa galantamini na 1 tu kati ya 1,022 waliopewa dawa bandia. Kwa hiyo galantamini si dawa ya kumpa mtu anayesahau funguo na majina kama kinga ya mapema, hata kama ametoka familia yenye historia ya ugonjwa huu.

Huperzini A hutoka kwenye Huperzia serrata, mmea mfupi usiotoa maua ambao katika tiba ya Kichina huitwa Qian Ceng Ta. Wanasayansi wa China waliitenga katika miaka ya 1980 na nchi yao ikairuhusu kama dawa katika muongo uliofuata. Katika maabara ni kizuizi chenye nguvu kubwa sana, na ndiyo maana kipimo chake huhesabiwa kwa sehemu ndogo za miligramu. Mapitio ya majaribio yaliyotolewa mwaka 2008 yalikusanya majaribio 6 yenye wagonjwa 454, na ingawa matokeo yalielekea upande wa manufaa, wachambuzi waliona kwamba mengi yalifanywa kwa ubora wa chini usiotosha kuipendekeza. Jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 210, na kuchapishwa mwaka 2011, lilikuta kwamba miligramu 0.2 mara mbili kwa siku kwa wiki 16 haikuwa bora kuliko dawa bandia. Kipimo kikubwa maradufu kilionyesha dalili ya manufaa, lakini si ya kutosha kufunga mjadala.

Kinachonifanya niiweke nyuma ya galantamini ni jinsi inavyomfikia mgonjwa, kuliko hata nguvu yake. Nchini Marekani huuzwa kama kirutubisho, na kirutubisho hakilazimiki kuthibitisha kwamba kinatibu kabla ya kuwekwa sokoni. Chupa inayofika Dar es Salaam au Nairobi kwa agizo la mtandaoni inaweza kuwa na kiasi kilichoandikwa, pungufu, au zaidi, na kwa kemikali inayofanya kazi kwa sehemu ya kumi ya miligramu, kosa dogo la kiwandani ni kosa kubwa mwilini. Isitoshe, mmea wenyewe hukua polepole na umevunwa mno porini.

Uamuzi kati ya hizi mbili hauhitaji kusitasita: anayeweza kupata galantamini kwa daktari hana sababu ya kununua huperzini A. Na kosa la hatari zaidi ni kuzitumia pamoja, au kuongeza huperzini A juu ya donepezili, dawa nyingine ya hospitali inayozuia kimeng'enya hicho hicho, kwa fikra kwamba ya mmea haiwezi kugongana na ya hospitali. Zote zinabonyeza mahali pamoja, na moyo wa mzee, hasa anayetumia atenololi kwa shinikizo la damu, ndio utakaolipia.

Rivastigmini, binamu kutoka Calabar

Waefik wa Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, walilitumia haragwe la Physostigma venenosum kuwahukumu watuhumiwa wa uchawi: aliyetapika aliachiwa, aliyekufa alihesabiwa kuwa na hatia. Robert Christison wa Edinburgh alijaribu kulila mwenyewe mwaka 1855 na nusura limuue. Kemikali yake, fisostigmini, ilitengwa mwaka 1864 na baadaye ikawa dawa ya presha ya macho. Ilipojaribiwa kwa Alzheimer ilishindwa kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba hudumu mwilini kwa muda mfupi na huleta kichefuchefu kikali. Marta Weinstock-Rosin wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem alibuni kemikali iliyofuata umbo lake lakini yenye kudumu zaidi, nayo ndiyo rivastigmini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000.

Nguvu yake inakaribiana na ya galantamini. Sifa inayoitofautisha ni kwamba ipo pia kama kibandiko cha ngozi kinachobadilishwa kila siku. Katika jaribio lililolinganisha kibandiko na vidonge vyake, kichefuchefu kilitokea kwa takriban asilimia 7 ya waliobandikwa dhidi ya asilimia 23 ya waliomeza, na manufaa yakawa sawa. Kwa mzee anayetema vidonge, au ambaye tumbo lake limekataa galantamini, kibandiko ndicho chaguo la busara, isipokuwa bei yake ni kubwa na si kila duka la dawa huwa nacho. Cha zamani lazima kiondolewe kabla ya kubandika kipya, kwa kuwa wapo wagonjwa waliozidishiwa dozi kwa kubandikwa kimoja juu ya kingine.

Ginkgo

Hakuna mmea wa kumbukumbu uliopimwa kwa watu wengi kama Ginkgo biloba, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna ambao tunaweza kuuzungumzia kwa uwazi kama huu. Dawa iliyotumika katika tafiti kubwa ni EGb 761, dondoo ya majani kutoka Ujerumani ambayo hurekebishwa kiwandani ili iwe na asilimia 24 ya flavonoidi na asilimia 6 ya terpeni, kemikali mbili za mmea huo. Majani yaliyokaushwa na kuuzwa kama chai hayana uhakika huo.

Swali la kwanza ni kama inakinga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi kwa takriban miaka 6, nusu wakimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku. Walioishia kupata dimenshia, yaani kupotelewa na kumbukumbu na akili kwa Alzheimer au ugonjwa unaofanana nayo, walikuwa 277 upande wa ginkgo na 246 upande wa dawa bandia. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2012, uliowahusisha watu zaidi ya 2,800 kwa miaka 5, nao haukupata kinga. Baada ya tafiti mbili za ukubwa huo, kumnunulia mzazi mwenye akili timamu ginkgo ili asije akaugua ni kutumia fedha kwa jambo ambalo jibu lake limeshapatikana.

Swali la pili ni kama inamsaidia aliyekwisha kuugua, na hapo jibu linalainika kidogo. Majaribio kadhaa ya miligramu 240 kwa siku, hasa kwa wagonjwa ambao pamoja na kusahau wana wasiwasi, hasira au huzuni, yameonyesha nafuu ya wastani, na Ujerumani huitumia kwa hali hiyo. Ningeikubali kwa mgonjwa asiyeweza kuvumilia dawa za asetilikolini, kwa sharti moja kwamba hatumii warfarini, aspirini wala dawa nyingine inayozuia damu kuganda, kwa sababu ginkgo inaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Wazee wengi waliowahi kupata kiharusi wanakunywa aspirini kila siku, kwa hiyo sharti hilo linawaondoa wengi.

Manjano na zafarani

Hapa tunaingia jikoni, na hapa ndipo pwani yetu ina la kusema, kwa kuwa manjano hulimwa Zanzibar na zafarani huingia kwenye biriani. Mtu anayesoma kuhusu kurkumini, kemikali ya rangi ya manjano, atakutana na sifa nyingi: huzuia amiloidi kushikamana katika chupa za maabara na hupunguza uvimbe kwa panya. Kwa wagonjwa mambo yamekuwa tofauti. Jaribio la Hong Kong la mwaka 2008 kwa wagonjwa 34, na lile la Marekani la mwaka 2012 kwa wagonjwa 36, yote yakitumia hadi gramu 4 za kurkumini kwa siku, hayakuonyesha nafuu, na katika la pili kiasi kilichofika kwenye damu kilikuwa kidogo mno. Jaribio jingine la mwaka 2018 lilitumia kurkumini iliyotengenezwa maalumu ili ifyonzwe vizuri, na kumbukumbu iliboreka, lakini washiriki walikuwa watu 40 tu wasiokuwa na dimenshia.

Unga wa manjano una kurkumini ya takriban asilimia 3. Ili kufikisha gramu 4 mgonjwa angelazimika kula zaidi ya gramu 130 za unga kila siku, kwa dawa ambayo hata kwa kiasi hicho haikusaidia. Kuchanganya na pilipili manga kunaongeza ufyonzwaji, na ndio mbinu ya vidonge vingi vya dukani, lakini vidonge vya kurkumini vyenye nguvu vimehusishwa na visa vya kuumia kwa ini. Manjano ya mchuzi iendelee kuwa manjano ya mchuzi.

Zafarani inavutia zaidi. Watafiti wa Tehran, katika jaribio la wiki 16 kwa wagonjwa 46, waliona kwamba miligramu 30 kwa siku zilikuwa bora kuliko dawa bandia, na katika jingine la wiki 22 kwa wagonjwa 54 zafarani ilikwenda sambamba na donepezili, ikiwa na kutapika kuchache. Kiasi hicho ni kidogo kuliko ambacho wengi hudhani, vipande vichache tu vya nyuzi zake nyekundu. Udhaifu wa matokeo haya ni kwamba yametoka hasa kwa kundi moja la watafiti, katika nchi inayozalisha sehemu kubwa ya zafarani yote ya dunia, na kwa wagonjwa wachache. Tena zafarani ni kiungo kinachoghushiwa sana, kwa nyuzi za mahindi zilizotiwa rangi au kwa petali za mmea mwingine. Kati ya viwili hivi vya jikoni ningechagua zafarani bila kusita, mradi haichukui nafasi ya galantamini au donepezili.

Resveratroli ya zabibu nyekundu inatosha kutajwa kwa sentensi moja: ilijaribiwa kwa wagonjwa 119 kwa mwaka mzima na haikutoa nafuu ya kumpendekezea mtu.

Dawa zinazofaa kuondolewa kwanza

Jambo linalosahaulika katika mazungumzo ya mimea ni kwamba mzee anaweza kuwa tayari anameza dawa inayovuta upande wa pili. Piritoni, inayonunuliwa bila cheti kwa mafua na kuwashwa, hupinga asetilikolini, na amitriptilini inayoandikwa kwa maumivu ya neva hufanya vivyo hivyo. Kumpa mgonjwa galantamini asubuhi na piritoni usiku ni kama kujaza pipa huku bomba la chini likiwa wazi. Kuondoa dawa kama hizo, kwa ushauri wa daktari, wakati mwingine huleta nafuu kubwa kuliko mmea wowote uliotajwa hapa, na hakugharimu kitu. Vivyo hivyo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni ya muda mrefu na damu iliyovilia chini ya fuvu baada ya kuanguka huweza kufanana na Alzheimer, na kila kimojawapo kina tiba yake.

Uchaguzi kwa hali ya mgonjwa

Kwa aliyethibitishwa kuwa na Alzheimer ya kiwango cha chini hadi cha kati, na moyo wake ni mzima, galantamini ndiyo ya kwanza kati ya dawa za asili ya mimea, na ikimkataa tumbo, rivastigmini ya kubandika. Donepezili, ambayo haikutoka kwenye mmea, ni mbadala halali kabisa, humezwa mara moja kwa siku, na kama ndiyo inayopatikana kwa urahisi hakuna sababu ya kuihangaikia galantamini. Baada ya miezi 3 hadi 6 familia na daktari wakae waangalie kama kuna tofauti. Isipoonekana, dawa ipunguzwe na kuachwa, kwa usimamizi. Asiyeweza kuzivumilia hizi, na hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, anaweza kujaribu ginkgo ya dondoo iliyosanifishwa au zafarani ya kuaminika, akijua kwamba matarajio ni madogo.

Kwa familia isiyoweza kumudu dawa yoyote kati ya hizi, ipo njia nyingine iliyojaribiwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro: vikao vya pamoja vya kuchangamsha akili kwa mazungumzo, nyimbo na michezo, ambavyo wagonjwa walihudhuria mara kadhaa na uwezo wao ukaboreka. Ushahidi wake kwa Alzheimer ni imara kuliko wa manjano.

Kwa mwenye upungufu mdogo wa kumbukumbu ambaye bado anajitegemea, hakuna mmea hata mmoja wa kupendekezwa, na galantamini iepukwe kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Pesa ya virutubisho ielekezwe kwenye kupima na kudhibiti shinikizo la damu na sukari, na kwenye kifaa cha kusikilizia kama masikio yameanza kuzembea, kwani haya yanahusishwa na hatari ya dimenshia.

Kwa anayekaribia kufanyiwa upasuaji, mtaalamu wa nusu kaputi aambiwe kila kitu anachokimeza, ikiwemo cha mitishamba, kwa sababu galantamini na jamaa zake hurefusha athari ya baadhi ya dawa za kulegeza misuli na ginkgo huweza kuongeza damu inayotoka. Na kwa aliyefika hatua ya mwisho, asiyewatambua watoto wake na anayepaliwa na uji, mimea haina cha kumpa; daktari anaweza kufikiria memantini, ambayo ni ya kutengenezwa maabara, na uangalizi ukaelekezwa kwenye kumlisha polepole akiwa ameketi, kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo, na kutibu maumivu ambayo hawezi tena kuyasema.